Nimerudi kutoka kumlea mzazi Hamburg: tuzungumze namna ya kufunga safari ndefu na kurudi nyumbani

#1 MwalimuMstaafu

Wanajukwaa, salaam. Wale wadogo zangu nimeshaitikia marahaba, tuendelee.

Nimerudi Morogoro juzijuzi. Kiangazi chote cha Wazungu nilikuwa Hamburg, Ujerumani, kwa binti yangu aliyejifungua mtoto wa kwanza. Humu jukwaani kuna nyuzi tele za kutafuta viza, za maswali ya ubalozini, mpaka za namna ya kukaa kwenye ndege. Za kurudi sijaziona. Mimi naona kurudi ndiko kunakotaka akili zaidi, maana wakati wa kwenda unasukumwa na hamu, na mara nyingi nauli kalipa mtoto. Wakati wa kurudi mfuko umekauka na ukoo mzima unakusubiri.

Naanza na tarehe, kwa sababu hapo ndipo nimesikia wenzangu wengi wakijichanganya. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, haina miezi mitatu. Ina siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka nayo inahesabiwa. Aliyeingia tarehe 3 Juni, siku yake ya 90 ni 31 Agosti. Akikata tiketi ya tarehe 3 Septemba kwa hesabu ya "miezi mitatu kamili", amezidisha siku tatu na hana pa kuzificha: tangu Oktoba 2025 Ulaya wameanza mfumo wa mipakani wa alama za vidole na picha ya uso, na anayehesabu ni kompyuta, si askari anayepekua mihuri huku ana usingizi. Halafu wengine hawakupewa hata hizo 90. Viza imeandikwa siku 45 au 60, lakini mtu anasoma ile tarehe ya mwisho ya viza peke yake na kujipa siku za ziada. Soma idadi ya siku.

Pili, vitu vinavyojikata vyenyewe. Kule kuna tiketi ya mwezi inaitwa Deutschlandticket, euro 63 tangu Januari 2026. Unapanda basi, treni za mjini na za mikoa nchi nzima, na pale Hamburg inakupandisha hata boti namba 62 ya mto Elbe kutoka Landungsbrücken. Ile boti nimeipanda mpaka wahudumu nikawazoea. Sasa, ile si tiketi ya kununua ukamaliza. Ni mkataba unaojirudia kila mwezi, na sharti la kawaida ni kuufuta kufikia tarehe 10 ili uishe mwisho wa mwezi huohuo. Kama unarudi mwisho wa Agosti, tarehe 10 Agosti uwe umeshafuta. Wengi wanakumbuka siku ya kufunga mabegi, na mwenyeji ndiye anabaki akikatwa hela.

Tatu, sarafu. Maduka ya kubadilisha fedha kwetu hayanunui sarafu za euro, yananunua noti. Wiki ya mwisho lipa kila kitu kwa sarafu, hata kama muuza mikate atakukunjia uso.

Mengine nitaendelea, wifi yangu kafika na jamvi linatandikwa.

#2 KibegiChepesi

Shikamoo mwalimu. Uzi mzuri, nimeweka kambi.

Ila naomba tufike kwenye jambo lenyewe: zawadi. Mimi mwaka jana nilikuwa Sweden kwa kozi fupi. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp nilikuta watu wameshanipangia, mmoja kanitumia mpaka picha ya raba na saizi. Nilirudi na begi moja na kila mtu nikampa peremende. Walininunia, wakasahau. Naona tuache huu utamaduni, unatufilisi.

#3 MwalimuMstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo sikubaliani nawe nusu, na nusu nakubaliana.

Huwezi kwenda kwa mwenye umri wa mama yako mikono mitupu baada ya kuvuka bahari. Wewe kijana watakununia wasahau. Mimi mwanamke mtu mzima, mwenye makungwi na mashoga wa miaka arobaini, nikirudi na peremende itazungumzwa mpaka kwenye arobaini yangu. Kwa hiyo zawadi zipo. Swali ni zipi, na hapo ndipo watu wanapotupa hela.

Nilichokiona kule: wenzetu wananunua nguo kwenye masoko ya vitu vilivyotumika siku za Jumapili, wanajaza begi, kisha uwanja wa ndege wanalipia kilo za ziada. Jamani! Nguo hizohizo zinapakiwa kwenye marobota zinakuja soko la mitumba la Karume, Dar, kwa meli, nyingine na lebo za maduka ya Kijerumani bado zinaning'inia. Unalipia ndege mzigo ambao meli imeshauleta. Nenda Karume ukishafika, uchague vizuri, ukae kimya.

Vilivyonifaa ni vidogo na vyepesi ambavyo mtu atavitumia kila siku akanikumbuka. Visu vidogo vya jikoni vya kumenyea, vile vya mpini wa rangi (begi la chini, tafadhali, si la mkononi). Miwani ya kusomea ya dukani kwa wazee wenzangu, nimeleta za namba tofauti na zimegombaniwa kuliko chochote. Mafuta ya kupaka miguu. Chokoleti nimeleta, nikaizungushia khanga katikati ya begi, maana ya pembeni inafika imeshakuwa uji.

Vitu vya umeme tahadhari moja. Umeme wa kule ni wa volti sawa na wetu, hivyo birika haliungui, lakini plagi yao ina miguu miwili ya mviringo na soketi zetu nyingi ni za miguu mitatu bapa. Ukileta zawadi ya birika leta na adapta yake, la sivyo umempa shoga yako pambo la kabati.

Na hizo betri za kuchajia simu zinakaa begi la mkononi, hazishuki chini kwenye mizigo. Nilimshuhudia kijana mbele yangu akifunguliwa begi lote foleni nzima ikitazama, vyupi na yote, kisa betri moja.

Lakini zawadi yangu kubwa ilikuwa bahasha. Watu watatu ambao walinifanyia kazi nilipokuwa sipo: aliyelala nyumbani kwangu, aliyemwagilia bustani, na jirani aliyenilipia kikoba kila wiki. Hao hawakupewa chokoleti, walipewa fedha. Ukiwa na euro mia moja za mwisho, anza na walioshika nyumba, ndipo ufikirie aliyetuma picha ya raba.

#4 BintiMalindi

Assalaam alaykum, mwalimu hujambo? Mie naandika kutoka Muscat, kwetu Unguja.

Huku mambo kinyume. Nyie mnakwenda kiangazi, sie kiangazi ndo tunakikimbia. Juni na Julai jua la Muscat halikaliki, skuli zimefungwa, mwenye uwezo anakwenda Salalah kwenye mvua za khareef na mwenye jamaa Unguja anakwenda Unguja kwenye kipupwe. Kurudi kwetu kwa mizigo si tatizo la kilo, kwa kuwa vitu vizito tunavitanguliza kwa meli. Mchele, tende, mablanketi, mpaka friji, vinajazwa kwenye maboksi na watu wa mizigo, vinafika bandari ya Malindi, Unguja, wakati mwenyewe hujafika. Hapo ukitaka usalama andika mwenyewe orodha ya kila boksi na ubaki na nakala. Yangu moja mwaka ule lilifika na nusu ya mashuka, na aliyelichukua hadi leo ananambia "dada, ndo lilivyokuja".

Jambo jengine kwa wenye watoto wa pasi za nje kama wangu: tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hulipia bima ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima. Bima ya nchi uliyotoka haiiondoi hiyo. Watoto wangu wanaingia kwa bibi yao mzaa mama kama wageni, tunacheka lakini tunalipa. Ilipie mtandaoni kabla, usingoje foleni ya uwanja.

#5 Mtwapa_Damu

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni wa pwani ya Kenya, niko Stuttgart kwa miezi miwili na nusu hivi, narudi Mombasa mwezi ujao kupitia Frankfurt na Addis. Nimeskia ukinunua vitu Ujerumani unarudishiwa ushuru. Ni ukweli ama ni stori za vijana? Nimenunua mashine ya kushonea ya mke wangu, na haikuwa rahisi.

#6 MwalimuMstaafu

Marahaba, baba. Ni kweli, na kwa cherehani usiiache hiyo hela.

Bei ya dukani kule imeshabeba kodi, kwa vitu vingi ni asilimia 19. Kitu cha euro 119, euro 100 ni kitu na 19 ni kodi. Mtu asiyeishi Umoja wa Ulaya akitoka na kitu kabla hakijatumika, anaweza kudai kodi hiyo. Risiti moja izidi euro 50. Haturudishiwi zote 19, kampuni inayoshughulikia inakata chake. Na si kila duka linakubali. Kisheria si lazima kwao, kwa hiyo unauliza kabla ya kulipa, unaonyesha pasi, unapewa fomu. Fomu iwe na jina lako wewe unayesafiri. Binti yangu alitaka kulipa kwa jina lake kwa kuwa ndiye mwenye kadi, muuzaji akatukatalia palepale, kwani yeye ni mkazi.

Sasa sikiliza uwanjani, ndipo fedha inapopotelea. Usikabidhi begi kwanza. Unakwenda kwenye kaunta ya ndege, unasema nina vitu vya kugongewa muhuri wa forodha. Wanakupimia begi, wanalibandika karatasi, wanakurudishia. Unaliburuta mpaka kwa watu wa forodha, wameandika Zoll. Pale mimi nilikutana na dada mmoja mnyamavu. Akasoma fomu, akasema sufuria. Nikafungua begi, nikatoa nguo za juu, nikatoa khanga, nikamwonyesha sufuria ikiwa kwenye boksi lake na utepe wake. Akaigusa boksi kwa kalamu, akagonga muhuri, kwisha. Kama ningekuwa nimeshaanza kuipikia pilau nyumbani kwa binti yangu isingepita. Kwa hiyo mama asishonewe hata pindo moja Stuttgart, cherehani ikae kwenye boksi.

Na kwa kuwa wewe unapitia Frankfurt: begi unalolikabidhi Stuttgart likaenda moja kwa moja hadi Mombasa, muhuri wake unaupata hapohapo Stuttgart. Kilichomo begi la mkononi kinagongewa Frankfurt, uwanja wako wa mwisho wa Ulaya. Fika mapema kuliko tiketi inavyosema. Una muda wa kutosha, sheria inakupa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu baada ya mwezi ulionunua.

#7 Mtwapa_Damu

Ahsante sana mwalimu, Mungu akuzidishie. Niongeze kitu kwa wanaopitia Kenya: zile karatasi za plastiki za supamaketi usifungie viatu nazo. Kwetu zimepigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017. Mwenzangu alivuliwa zote pale uwanjani, akabaki amekumbatia viatu kama mtoto.

#8 MwalimuMstaafu

Na kwetu Tanzania tangu 1 Juni 2019. Funga viatu kwa gazeti au mfuko wa kitambaa.

#9 JuaKali_Tabata

Mwalimu unahangaika na muhuri wa sufuria, kumbe pensheni inatosha tu. 😂

#10 MwalimuMstaafu

Pensheni ya mwalimu unaijua wewe? Na nikwambie zaidi. Kule chupa ya plastiki ya maji unalipia senti 25 za dhamana, unazirudishiwa ukipeleka chupa kwenye mashine ya duka. Mkwe wangu alikuwa amezilundika kwenye varanda, hana habari nazo. Nilizipeleka zote kwa awamu, mashine inazimeza moja moja inakupa karatasi, karatasi unapeleka kwa mlipaji. Chokoleti za ukoo zimetoka humo, wala hawajui.

Lakini nimeona pia wazee wa umri wangu, Wajerumani kabisa, wanachungulia mapipa ya barabarani wakitafuta chupa hizohizo, na tochi mkononi. Hilo halipo kwenye picha mnazoletewa za Ulaya. Niliporudi na watu wakaanza "mwalimu wewe umefaidi", niliwasimulia hilo na hawakuamini.

#11 MamaPacha

Shikamoo mwalimu. Mimi nilirudi kutoka Uingereza nikakaa wiki mbili sitaki kutoka ndani. Sikuugua. Nilikuwa najisikia tu kama sipo. Wewe umefikaje? Umepataje kuanza?

#12 MwalimuMstaafu

Marahaba mwanangu, swali zuri, na hili nitalikalia.

Saa hazikunisumbua. Kiangazi Hamburg na Dar tunapishana saa moja tu. Kilichonisumbua ni giza. Kule mwezi wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku, mtu unakula chakula cha jioni huku watoto wanacheza nje. Nimefika nyumbani saa moja giza totoro, mwili unauliza mbona leo tunafunga milango mapema.

Kikubwa ni misiba. Ukikaa nje msimu mzima, watu wanakufa. Wengine unaambiwa kwa simu, wengine wanakuficha ili usihangaike ugenini, unakuja kuambiwa getini. Mimi nimekuta misiba mitano mtaani na ukooni. Mmoja wa shoga yangu tuliyefundisha naye shule moja. Nilijua anaumwa, sikujua amezikwa.

Ushauri wangu ni huu: usianze kwa kugawa zawadi, anza na kuhani. Ukianza na zawadi unawatembelea watu kwa furaha, kisha unalazimika kurudi mtaa uleule kwa majonzi, na wafiwa wamekuona ukipita na mifuko. Mimi nilioga, nikalala usiku mmoja, asubuhi nikafunga khanga nikatoka. Nilimwomba jirani aliyenishikia kikoba anipitishe, maana yeye alikuwa anajua nani kafiwa, na lini, na nani alikuwa na neno na nani. Hilo la mwisho ni muhimu, huwezi kujua kilichopita ukiwa haupo.

Kwa shoga yangu nilimkuta mumewe amekaa kibarazani anachambua mchicha. Hajawahi kuchambua mchicha maisha yake. Nikampa pole, nikaketi, nikachukua mafungu yaliyobaki tukachambua wote. Alizungumza kuhusu bei ya mbolea. Nilipoaga nikamwekea mkono wa pole kwenye bahasha, ule ambao ningeutoa siku ya msiba. Michango ya msiba haiishi muda wake, wakubwa hili mnalijua.

Kwa hiyo mwanangu, hiyo hali ya "kama sipo" naielewa. Mtaa ulikuwa unaendelea na wewe hukuwamo. Ukijifungia wiki mbili wanasema umekuja na maringo ya Ulaya, na mlango unazidi kuwa mzito. Toka siku ya pili, hata kama ni kwenda dukani kununua chumvi tu na kusalimia. Usisimulie safari mpaka uulizwe. Uliza wewe kwanza.

Halafu kuna zile kadi. Nimekuta kadi za michango ya harusi zimepangwa juu ya friji kama barua za benki, na aliyezipokea kashaniahidia. Hapa ndipo narudi kwa kijana wa #2: hela ya mwezi wa kwanza usiiguse ukiwa kule. Itenge kabisa, mpe mtu akushikie kama huna nidhamu. Luku, deni la maji, kikoba, rambirambi, michango, nauli ya kuwapitia watu. Nimeona wanaorudi na mabegi matatu na siku ya nne wanakopa hela ya gesi kwa yuleyule waliyempa manukato.

#13 KibegiChepesi

Mwalimu hapo umenishika. Mimi nilikopa siku ya sita.

#14 MamaPacha

Ahsante mwalimu. Hili la kuhani kwanza sijawahi kulifikiria kwa mpangilio huo. Kwetu Tanga pia ingekuwa hivyohivyo, ila tuliokulia mjini tunasahau.

Na mjukuu? Umemwachaje?

#15 MwalimuMstaafu

Mjukuu nimemwacha ameshaanza kucheka. Kumuaga mtoto mchanga si kazi, hajui. Kazi ni mama yake. Mzazi wa kwanza akizoea mama yupo jikoni, siku ukiondoka nyumba inamwangukia. Kwa hiyo wiki mbili za mwisho nilianza kujitoa kidogokidogo. Usiku naacha amke mwenyewe na mumewe. Asubuhi natoka natembea, narudi saa tano. Mara ya kwanza alilia, akasema mama umeshachoka nasi. Sikumjibu, nikaenda kwenye boti yangu namba 62. Siku ya safari walikuwa wameshajua nani anaogesha na nani anapika uji. Supu ya pweza wa kugandishwa mkwe anaipika mwenyewe sasa, chumvi ndiyo bado anazidisha.

Wanaokwenda kulea wazazi ughaibuni, zingatieni hilo. Ukifanya kila kitu mpaka saa ya kwenda uwanja wa ndege, umemwachia mwanao pengo.

#16 JuaKali_Tabata

Mwalimu nimekuja kwa utani, sasa nauliza kwa heshima. Mama yangu naye karudi kutoka Ubelgiji 31 Agosti, aliingia 3 Juni kama mfano wako. Dada anataka arudi tena mapema. Anaruhusiwa lini?

#17 MwalimuMstaafu

Kwanza atazame viza yake kama ni ya kuingia mara nyingi na bado iko hai. Kama ni ya mara moja imekwisha, anaomba upya, ada euro 90.

Kama ni ya mara nyingi: kila siku unayotaka kuwa kule, unahesabu siku 180 kwenda nyuma, hiyo siku ikiwemo, ndani yake zisizidi 90. Yeye amezimaliza zote. Tarehe 3 Juni inatoka kwenye hesabu ikifika 30 Novemba, basi siku hiyo ndiyo ya kwanza anayoweza kuingia, na kuanzia hapo kila siku ya zamani inayotoka inampa siku moja mpya. Mwambie achukue sweta la maana. Huko kaskazini mwisho wa Novemba saa kumi na moja jioni jua limeshazama, na hakuna mtu mtaani wa kumsalimia.